Mikono ya Kubandua Ulanga

Kambi ya ulanga, juu ya Mkuyuni
Mwezi 5 Rajabu 1328

Mama Mkubwa wangu, Bi Chausiku,

Shikamoo. Nimefika salama. Barua hii anakuletea Stambuli, mnyapara wa wapagazi, yule mrefu mwenye pengo. Atakuwa akishusha mizigo mpaka stesheni ya Morogoro, na kupita kwako Mwembesongo si mbali. Mpe vitumbua, hatakusahau.

Nilipokuaga sikukuambia kambi iko wapi hasa, kwa kuwa hata mimi sikujua. Iko kwetu. Nikisimama mlangoni pa kibanda changu cha ukarani naona, ng'ambo ya korongo, ule mgongo wa mlima tulikolelewa, mimi na binti yako Pili. Miaka yote niliyokaa pwani nikisoma herufi za Wadachi nilidhani nimepasahau. Asubuhi ya kwanza ukungu ulipopanda kutoka mtoni na harufu ya majani mabichi yanayoungua, nilikaa chini, sikuweza kuandika.

Kinachochimbwa hapa ni yale mawe ya kung'aa tuliyokuwa tukiyabandika usoni tukijifanya maharusi. Jiwe la ulanga ni kama kitabu, hubanduka ukurasa kwa ukurasa, na huko Ulaya kurasa hizo huwekwa kwenye milango ya majiko, maana moto hauzidhuru. Ukilibandua vibaya, limekufa. Na hapa yanakufa mengi mno. Wanaume wanaobandua wanapigwa kiboko kwa uzembe, na kesho yake wanaharibu zaidi, kwa sababu mkono wenye hofu hutetemeka. Nilimwambia hivyo msimamizi, Mdachi tunayemwita Bwana Miwani. Nilidhani atanifukuza. Akanitazama sana, kisha akasema, "Basi nenda ukakae na kila kazi. Uniambie inataka mtu wa namna gani. Nikiona faida, kiboko kitapumzika."

Ndipo nikakukumbuka wewe. Uliporudi na udongo wa kufinyangia vyungu, watoto wa mlima mzima tulikuzunguka. Ulitutazama kidogo tu, ukasema wewe chota maji, wewe ponda udongo, wewe kaa na mtoto. Sikumbuki hata siku moja ulipokosea. Ulikuwa ukiangalia nini?

Mwanao,
Yunusi

*

Mwembesongo, Morogoro
Mwezi 14 Rajabu 1328

Mwanangu Yunusi,

Marahaba. Stambuli amekula vitumbua vya watu wote na bado anasema hajashiba.

Unasema hukumbuki nilipokosea. Nilikosea sana, ila mlikuwa watoto. Wewe nilikupa kuponda udongo kwa kuwa ulikuwa na mapaja manene, kumbe ulikuwa unalia kila ukikanyaga ubaridi ule. Nilikutoa, nikakuweka kulainisha vyungu kwa kokoto, ukanyamaza. Tangu hapo nikaacha kuangalia nguvu. Nikawa naangalia mtu anakuwaje akishachoka. Kila mtu ni hodari asubuhi. Jua likifika utosini, mmoja anakasirika, mwingine anapuuza, mwingine anaanza kuimba. Huyo wa kuimba ndiye wa kazi ndefu. Anayekasirika mpe kazi fupi yenye nguvu, ataimaliza kwa hasira zake na utamshukuru.

Kubandua kwako nadhani kunataka wafinyanzi. Wametulia, na vidole vyao vina macho. Waulize wanawake wa huko juu.

Kwa kuwa uko kwetu, sina haja ya kukuambia uende wapi. Mume wangu Abasi, aliyenifundisha herufi hizi ninazokuandikia, alipotelea kwenye vita vya Maji Maji na sijui alilala wapi. Kaburi nililo nalo duniani ni la Pili tu. Niliacha nimepanda mdimu kichwani pake, nyuma ya nyumba. Niambie kama upo. Magonjwa ya miguu yamenizuia kupanda mlima, lakini kila nikikanda unga alfajiri mawazo yangu yako kule.

Mama yako,
Chausiku binti Kibwana

*

Kambi ya ulanga
Mwezi 2 Shaabani 1328

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nimekaa shimoni na wachimbaji mpaka masikio yakaziba. Nilidhani kazi yao ni mgongo tu. Siyo. Aliye bora kati yao ni mwembamba kama fito, lakini hulaza shavu kwenye mwamba na kusikiliza kabla ya kupiga mtaimbo, na mara mbili amewaondoa wenzake pahali palipoporomoka baada ya muda mfupi. Nikaandika: mchimbaji awe msikivu, tena asione haya kukimbia. Bwana Miwani alicheka, lakini aliniachia maneno yangu.

Nimetembea na wapagazi mpaka Mkuyuni. Vijana wenye misuli huanza mbio na kushinda njia nzima wakioneshana. Stambuli huwaweka nyuma. Anataka wenye mwendo mmoja, hata kama ni wazee, maana mzigo wa ulanga hauvunjwi na uzito, unavunjwa na kuruka.

Kuhusu kubandua, wafinyanzi walikuja na kazi iliwashinda. Usiniudhikie. Mkono wao umezoea kusukuma, na ulanga hautaki kusukumwa. Wakaondoka wamenuna. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa nilipomwona Mwanaheri. Unamkumbuka? Aliyekuwa hachezi na mtu ila Pili. Alikuwa amekaa kando akisuka ukili wa mkeka huku anatazama. Akaomba kisu. Akaingiza ncha, akangoja, sijui alikuwa akingoja nini, halafu ukurasa ukajiachia wenyewe kama ganda la kitunguu. Sasa amewaleta wasukaji wenzake, wote wanawake. Mikono yao ni mikavu, wanaona karibu, hawasemi sana, na hakuna hata mmoja mwenye haraka. Mawe yanayokufa yamekuwa machache. Kiboko kimetundikwa ukutani kwa Bwana, hakijashuka tangu waje.

Wale wanaume waliokuwa wakipigwa nimewapeleka kwenye magogo ya kuzuia kuta za shimo. Wako hodari huko. Walikuwa wazembe wa kisu tu.

Kaburi nimelifyekea nyasi.

Mwanao,
Yunusi

*

Mwembesongo
Mwezi 11 Shaabani 1328

Mwanangu,

Marahaba. Sikuudhika. Nimecheka peke yangu hata wateja wakageuka. Ni kweli, mfinyanzi husukuma. Mume wangu alikuwa akisema nafungua hata barua kana kwamba nachimba udongo.

Mwanaheri namkumbuka, kitoto chenye kamasi kilichokuwa hakijibu kikiitwa. Siku Pili alipozidiwa na ile homa, alikaa mlangoni mpaka jua likazama, hakula, hakulia. Watu walimwona hana akili. Kumbe alikuwa anangoja tu, kama anavyoungojea ulanga. Mpe salamu zangu.

Lakini Yunusi, wewe umeniandikia mwamba, mizigo na ukili, kila kimoja kwa urefu wake, na kaburi la ndugu yako umelipa maneno matatu. Mdimu je? Unazaa? Na nyumba imesimama, au mchwa wameimaliza? Usinifiche kwa kuwa ni mzee. Paa la makuti huanguka, nalijua hilo.

Nimeazimia kuja kabla ya Ramadhani nimsomee dua. Stambuli amesema wapagazi wakirudi huko mikono mitupu wanaweza kunipandisha kwa machela. Nimekwisha nunua ubani.

Chausiku

*

Kambi ya ulanga
Mwezi 19 Shaabani 1328

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nakuomba usije sasa. Njia ya kutoka Mkuyuni imeharibika, na machela si kitu cha kuamini kwenye miteremko ile. Tena kambi haina pahali pa kumlaza mtu wa heshima yako. Bwana Miwani naye hapendi wageni, na siku hizi ana hasira. Ngoja mpaka baada ya Idi, nitashuka mwenyewe kukuchukua.

Umenikumbusha mambo ya zamani. Tulipokuwa tukishuka kutafuta udongo mwekundu, wewe mbele na kikapu, Pili nyuma yako akikanyaga katika nyayo zako, na mimi nikikanyaga katika zake. Ulisema ukigeuka unaona mtu mmoja mwenye vichwa vitatu. Nimeota jambo hilo juzi.

Kazi inakwenda vizuri. Bwana amesema wabanduaji wa hapa hawana mfano.

Yunusi

*

Mwembesongo
Mwezi 24 Shaabani 1328

Yunusi,

Nimeelewa. Karani hawezi kumwonesha Mdachi wake mama muuza vitumbua, mwenye miguu iliyovimba, anayeletwa kwa machela kama mgonjwa. Ungeniambia hivyo waziwazi nisingekasirika. Umesoma, umevaa kanzu nyeupe na kofia ya tarabushi, ni haki yako kuchagua unaonekana na nani. Lakini usimtie Pili katika jambo hilo. Kwake nisingekuja kama mama wa karani.

Ubani nimempa jirani.

Chausiku binti Kibwana

*

Kambi ya ulanga
Mwezi 3 Ramadhani 1328

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya Stambuli nikashindwa kuficha uso. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mwambie mama wa watu. Mimi nimechoka kula vitumbua vyake huku nimefunga mdomo."

Sikuona haya. Niliogopa. Mwamba wa ulanga umekatiza korongo, umeelekea kwetu. Nyumba haipo. Ilikwisha bomolewa kabla sijafika, na pale ulipokuwa ukichomea vyungu ni shimo. Vigingi vya kupimia vimepigwa mbele zaidi, na viwili vimepita mdimu. Mdimu upo. Unazaa sana, matawi yamelala kwa uzito. Kaburi liko chini yake, nimelifyekea kweli. Lakini shimo linasogea.

Nilitaka nifanye kazi ile vizuri hata Bwana aone nina faida, kisha nimwombe. Ndiyo maana nilikuuliza mambo mengi. Ulikuwa unanisaidia bila kujua, na mimi nilikuwa nahesabu kwamba siku nitakapokuambia habari mbaya nitakuwa na habari njema ya kuiambatanisha. Nimemwomba. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema kaburi halina jiwe wala jina, na ulanga bora wa mlima wote uko chini ya mti ule. Nikaomba tena. Akasema nikiomba mara ya tatu atatafuta karani mwingine.

Baada ya Idi wataanza upande ule. Nisamehe kwa kukuacha ufikiri nimekukana. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Yunusi

*

Mwembesongo
Mwezi 9 Ramadhani 1328

Mwanangu Yunusi,

Marahaba. Yamekwisha. Nilikuandikia kwa uchungu wa mtu anayesubiri mlangoni hafunguliwi. Sasa umefungua.

Nimekaa na barua yako tangu adhuhuri. Nyumba si kitu. Niliiacha mwenyewe. Siku niliyoiacha nilifagia uwanja kana kwamba narudi jioni, kisha nikashuka bila kugeuka. Nilidhani nikigeuka nitabaki.

Usimwombe Mdachi mara ya tatu. Kazi yako inawalisha watu wengi kupitia mkono wako, na kiboko kiko ukutani kwa sababu yako. Ila Pili asiguswe na mtaimbo. Mtafute Mwanaheri na wanawake wengine waliomjua. Waombe wamtoe kwa mikono yao na kumhamishia bondeni, kabla ya Idi kama inawezekana. Wamfunge sanda mpya. Naileta kwa Stambuli pamoja na barua hii, nimeinunua kwa Mhindi aliye karibu na stesheni. Alipoona nalia alinipimia na ya ziada, hakuniuliza neno.

Waambie alikuwa mwoga wa baridi. Wachague upande unaopata jua la asubuhi.

Mama yako,
Chausiku

*

Kambi ya ulanga
Mwezi 22 Ramadhani 1328

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kaa kitako kabla ya kuendelea kusoma. Hakuna baya.

Barua yako ilipofika niliichukua mpaka kwenye banda la wabanduaji, nikawasomea. Walikuwa wamefunga, midomo imekauka. Mwanaheri akasema nisome tena pale pa baridi na jua la asubuhi. Nikasoma. Akaipokea ile sanda, akaikunja vizuri, akaikalia. Nikafikiri wamekubali kumhamisha.

Asubuhi yake nilikuta banda kimya. Wamekaa kwenye mikeka yao kama kawaida, mawe mbele yao, na visu vimelazwa chini. Bwana Miwani alikuja akidhani wanaumwa kwa saumu. Nilitafsiri mimi.

"Hatuumwi," Mwanaheri alisema.

Bwana akauliza kama wanataka nyongeza ya mshahara. Akajibiwa hapana. Akauliza basi wanataka nini.

"Pale chini ya mdimu kuna mwenzetu. Shimo lipite kando."

Bwana alicheka kwanza. Kisha akawaleta wanaume wa magogo washike visu. Nilijua litakalotokea, nilikuwa nimemwandikia mwenyewe kwa nini haliwezekani. Jiwe zuri kuliko yote ya mwezi lilikufa mbele ya macho yake. Ndipo akamwita askari, na kiboko kikashushwa ukutani. Mama, hapo sikuweza kutafsiri. Mwanaheri hakuhitaji tafsiri. Alinyosha mikono yote miwili mbele ya yule askari, viganja juu.

"Mwambie hivi," aliniambia bila kupandisha sauti. "Akiipiga hii, ulanga wake ataubandua kwa mikono ya nani?"

Nikamwambia. Wanawake wengine wakanyosha mikono vilevile. Bwana Miwani aliitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani yake akaifuta, ijapokuwa haikuwa na vumbi. Kisha akaenda zake, askari nyuma yake. Wakakaa hivyo siku iliyofuata pia, wanasuka ukili, wanafuturu palepale. Mzigo wa Stambuli haukujaa. Siku ya pili yake vigingi viling'olewa, vikapigwa upande wa chini, mbali na mdimu. Ameweka kwa maandishi kwamba havitasogezwa tena. Nimeyaandika mimi, ameyatia sahihi yeye.

Jioni akaniita. Nilipokuwa nimesimama mbele ya meza yake akasema, "Nilikuambia unitafutie watu watulivu. Umenitafutia watulivu mno."

Nilijua maana yake. Sikuwatuma, lakini hakutaka kuamini, na mwishowe sikushindana naye, maana kama angeamini si mimi, angewatafuta wenye kosa kati yao. Kesho nashuka. Ananipeleka kwenye kambi ya reli mbele ya Kilosa, kuandika majina ya wachimba tuta. Si kifungo. Nitapita kwako nikubusu mkono, kisha nipande gari la moshi.

Bwana amemwacha Mwanaheri awe mnyapara wa banda. Kiboko kimerudi ukutani. Na njia, Mama, ni nzuri. Haikuwa imeharibika hata kidogo.

Mwanao,
Yunusi

*

Juu ya Mkuyuni
Mwezi 17 Mfungo Mosi 1328

Mwanangu Yunusi, huko mbele ya Kilosa,

Salamu nyingi. Barua hii itateremka na Stambuli, itapanda gari la moshi bila nauli, itakufikia ikiwa na harufu ya moshi wa kuni. Umekwisha jua niko wapi.

Wapagazi walinipandisha siku ya pili ya Idi. Nilikuja kwa dua tu, nirudi. Sikurudi. Mwanaheri amenipa chumba katika nyumba yake, na mikate yangu naipikia hapahapa kambini. Vitumbua vya unga wa mchele wa huku ni vyeupe kuliko vya mjini. Miguu inauma kama ilivyokuwa ikiuma, sikudanganyi. Lakini kule ilikuwa inauma bila sababu.

Nilijaribu kubandua. Nimeua mawe mawili, nikanyang'anywa kisu kwa heshima. Kwa hiyo napika, na kazi yangu ikiisha najikokota mpaka bandani, nakaa nao.

Shimo nimeliona. Pale palipokuwa uwanja wangu ni hewa tupu. Nilisimama ukingoni nikitafuta mlango ulikuwa wapi, jiko lilikuwa wapi, sikuweza kupapata, kwa kuwa hakuna chini wala ubavu wa kukisia. Nililia hapo kidogo. Kisha nikapanda hatua chache, na kaburi liko kama nilivyoliacha, ila limefagiwa.

Nataka kukueleza jambo moja, ndilo lililonifanya nikuandikie upesi. Jumatatu nilikuwa nimekaa bandani, kimya kama unavyokijua, visu tu vinasikika. Mara Mwanaheri akaanza kupiga mluzi. Taratibu, kati ya meno. Mwingine akaudaka, na mwingine, mpaka banda zima likawa linapiga mluzi mmoja, wanawake wazima, wengine wajukuu wanao. Nilishangaa. Sisi tulikatazwa tangu utoto, mwanamke hapigi mluzi. Nikamuuliza Mwanaheri nani aliwafundisha utundu huo.

Unamjua alivyo. Akaumaliza ukurasa aliokuwa nao mkononi, akauweka juu ya wenzake.

"Pili," akasema. "Alikuwa akitufundishia kule mtoni, wewe ukiwa unachimba udongo. Alituapisha tusikuambie."

Yunusi, nilimzaa mimi, nikamnyonyesha, nikamzika. Miaka yote hii nimekuwa nikiyazungusha yale yale niliyo nayo, kicheko chake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akilala amekunja ngumi, na niliamini kwamba hayo ndiyo yote, hakuna la kuongezeka tena. Sikujua kwamba mwanangu alikuwa akipiga mluzi.

Nimewaomba wanifundishe. Midomo ya uzee haikazi vizuri, upepo unatoka mtupu na wote wananicheka. Kesho nitajaribu tena.

Mama yako,
Chausiku binti Kibwana